Kuijua Ardhi Kabla ya Jani

Mboga za kwanza nilizozijua kwa majina hazikuuzwa sokoni. Mchunga, mgagani, mnavu, mlenda na mchicha pori viliota vyenyewe, na vyote tulivichuma ndani ya Dar es Salaam, mwendo mfupi wa miguu kutoka nyumbani kwetu Magomeni. Sensa ya 1967 ilikuwa imehesabu watu wapatao 270,000 tu jijini. Kati ya mtaa na mtaa palikuwa na viwanja vitupu, minazi na miembe, na chini yetu lilitanda Bonde la Msimbazi, kutoka Kigogo hadi Jangwani. Masika yakishika, bonde zima lilikuwa bustani isiyo na mwenyewe.

Aliyenifundisha ni bibi mzaa mama, Mzaramo wa Kisarawe, aliyehamia kwetu baada ya babu kufariki. Hakuwa mganga wala hakujiita hivyo. Alijua mimea kwa kiasi ambacho kila mwanamke wa rika lake pale pwani alitegemewa kujua, kama alivyotegemewa kujua kukuna nazi na kusuka ukili. Tulitoka asubuhi kabla ya jua kali, yeye na pakacha lake, mimi na kisu kidogo. Alichuma vichipukizi vya juu na kuacha shina lipumue. Mmea uliokuwa peke yake hakuugusa. Aliuacha utoe mbegu, akasema ya mwakani itoke wapi tukiimaliza leo.

Mchunga ndio alioanza nao. Hutandaza majani marefu karibu kabisa na ardhi, kingo zake zimechongokachongoka, kisha hutoa kikonyo chembamba chenye maua ya njano. Ukiukata, utomvu mweupe hutoka papo hapo. Bibi alinitaka nitazame vyote hivyo kwa pamoja, jani, kingo, ua na utomvu, kisha ninuse, ndipo nikate. Utomvu peke yake haukumtosha, maana ua wa mnyaa wa jirani yetu nao ulikuwa na utomvu mweupe, na ule ukiingia jichoni unaweza kupofusha. Nyumbani mchunga ulichemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, ukakamuliwa, ukaungwa kwa kitunguu, nyanya na tui zito. Uchungu ulipungua bila kuisha, wala hatukutaka uishe. Kwa ugali na papa, mboga hiyo ilikuwa karamu.

"Jani usilolijua usilitie chunguni," alikuwa akisema. "Na ukilijua nusu, hulijui."

Nusu hiyo aliihofia hasa palipo na mnavu. Mnavu mchanga ni mboga tamu, lakini matunda yake mabichi ya kijani hayaliwi, na penye mnavu mara nyingi huota pia mnanaha, hasa kwenye majalala na maboma ya nyumba zilizobomoka. Miche yote miwili ikiwa midogo, mtoto aweza kuichanganya. Bibi alinikalisha chini mbele ya mimea yote miwili. Mnavu una maua madogo meupe yenye kitovu cha njano, yaliyokaa kwa mafungu, na vijitunda vya mviringo. Mnanaha una majani mapana yenye meno makubwa, harufu mbaya ukiyafikicha, ua jeupe refu linalosimama peke yake, na tunda lenye miiba. Akanieleza pia dalili za aliyekula mnanaha: kinywa hukauka, mboni za macho hutanuka, mwili huwaka moto, mtu akaanza kuweweseka. Ikitokea hivyo, alisema, usimnyweshe dawa nyingine juu yake. Mbebe umpeleke hospitali, na mmea aliokula uubebe pia, daktari auone. Mpaka leo sijasikia ushauri bora kuliko huo.

Kulikuwa na hatari nyingine zilizopendeza macho. Maturituri, mekundu yenye doa jeusi, tuliyatunga shanga. Bibi alituruhusu kuyatazama tu, yasiguse kinywa, kwa sababu mbegu moja iliyotafunwa yatosha kumdhuru mtoto. Mbono kaburi, uliopandwa kuwa ua, una mbegu zenye ladha ya kokwa tamu, na watoto wa mtaa wetu waliwahi kuzila wakatapika usiku kucha. Hata kisamvu, ambacho hakuna Mswahili asiyekijua, alikitendea kwa heshima. Tulikuwa na miti ya kisamvu cha mpira nyuma ya nyumba, uzao wa ile miti ambayo Wajerumani waliileta kwa ajili ya utomvu wa mpira. Majani yake ni mboga nzuri, ila mabichi yana sumu ya sayanidi. Tuliyatwanga kinuni mpaka yakalainika kabisa, tukayachemsha muda mrefu bila kufunika chungu, sumu ikatoka na mvuke. Mwenye haraka hakupewa kazi ya kisamvu.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kile kilichokuwa kitoweo cha hiari kikawa tegemeo. Miaka hiyo ya mwanzo ya 1980 wengi wetu tunaikumbuka kwa foleni za sukari na sabuni, na kwa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, ambao ulikuwa mgumu kumeza bila mboga. Wanawake walishuka bondeni kwa makundi, na hapo ndipo elimu ya bibi ilipokutana na elimu za wengine. Mama mmoja wa Tabora alituonyesha jinsi ya kuchemsha mgagani na kuanika majani juani mpaka yakakauka, akiba ya miezi ya kiangazi. Mwingine wa Dodoma alipika mlenda kwa magadi, ukavutika. Mama wa Kipare alichuma kishonanguo kikiwa kichanga, mmea ambao sisi wa pwani tuliujua kwa kero ya mbegu zake kung'ang'ania nguo. Kila mmoja alipotaka kuchuma asilolijua, alimwita mwenye kulijua na kumwonyesha mmea mzima. Ndiyo maana sikubali ninaposikia kuwa kuchuma mboga za porini mjini ni mabaki ya ushamba. Bonde lile lilikusanya maarifa ya nchi nzima, na hakuna kijiji kimoja ambacho kingeweza kuwa nayo yote.

Ila ardhi iliyotulisha ilikuwa inabadilika chini ya miguu yetu.

Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, ukashuka Vingunguti, Tabata na Kigogo, ukapita Jangwani na kuingia baharini kwenye Daraja la Salenda, safari ya kilomita kama 35. Jiji lilipokua, kila lisilotakiwa lilielekezwa mtoni humo: maji ya viwandani, damu ya machinjioni, majitaka, taka za majumbani. Jalala la jiji lilikuwa Tabata, ubavuni mwa bonde, na moshi wake ulikuwa mkali kiasi kwamba mwaka 1988 wakazi waliishtaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu, wakashinda. Hukumu hiyo bado inasomwa na wanafunzi wa sheria ya mazingira. Jalala liliondoka Tabata, likahamia Vingunguti, bado ndani ya bonde lile lile.

Bibi hakusoma hukumu yoyote. Aliona mchicha. Asubuhi moja tulisimama karibu na mfereji mmoja Kigogo, penye mchicha pori mrefu kuliko mimi, majani mapana ya kijani kilichoiva mno, na nikatoa kisu. Akanishika mkono. "Mboga hii imeshiba kupita kiasi," akasema. "Uliza inakula nini." Tukafuata mfereji kwa macho hadi kwenye bomba la majitaka. Tangu siku hiyo hatukuchuma tena karibu na maji, na tulihamia viwanja vya juu, upande wa makaburi na viwanja vya shule. Alikuwa sahihi, na sababu yake niliijua baadaye: mchicha unaonyonya majitaka hulimbikiza naitreti nyingi, na hubeba vijidudu vya kinyesi juu ya majani.

Naitreti nyingi huweza kushukiwa kwa unene wa jani, na vijidudu hufa kwenye chungu kinachochemka. Lakini kulikuwa na kitu ambacho hata jicho la bibi lisingeweza kukiona. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Bahemuka na Mubofu, walichapisha matokeo ya kupima mboga za majani zilizoota kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Walikuta madini mazito ndani ya mboga, yakiwemo risasi na kadimiamu. Wakati huo nilikuwa tayari mwalimu wa sayansi, bibi ameshatangulia mbele ya haki, na habari hiyo iliniuma kuliko nilivyotarajia. Mboga zilizopimwa zililimwa, hazikuota zenyewe, lakini mzizi hauchagui kwa sababu ulipandwa. Udongo ulikuwa ule ule, maji yale yale.

Nilianza kuwaeleza wanafunzi na majirani jinsi madini haya yanavyokwenda, na ninaendelea kueleza hadi leo. Risasi haiozi. Ikiingia udongoni hukaa miongo na miongo, muda mrefu baada ya kilichoileta kuondoka. Huja na betri za magari zilizovunjwa uani, na rangi za zamani zilizobanduka ukutani, na vumbi la barabara. Petroli yenyewe ilikuwa na risasi mpaka nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoiacha ifikapo Januari 2006, kwa kutimiza azimio lililopitishwa Dakar mwaka 2001. Ina maana kila jani tulilochuma ukingoni mwa Barabara ya Morogoro utotoni lilikuwa limepakwa moshi huo. Kuosha vizuri huondoa vumbi na tope juu ya jani, na ni lazima lioshwe. Kilichokwisha kupanda kupitia mizizi hakioshwi, hakichemki kikatoka, wala hakina ladha. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na mimba, kwa sababu risasi hudhuru ubongo unaokua, na wanasayansi hawajapata kiwango chake kilicho salama kwa mtoto.

Kisha yakaja mafuriko ya Desemba 2011. Watu zaidi ya 40 walikufa jijini, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Maji yalipokupwa, Jangwani yote ilibaki imefunikwa tope la mtoni, hata sehemu za juu ambazo bibi angeziona salama. Wiki chache baadaye tope hilo lilichipua mchicha na mnavu wa kupendeza. Nilisimama na wanawake wawili waliokuwa wakichuma, tukasalimiana, nikawaomba wauache. Mmoja akaniuliza, "Sasa mwalimu, tule nini?" Swali lake lilikuwa la haki. Lilinionyesha kwamba kumkataza mtu pasipo kumpa mahali pengine ni kumwachia njaa.

Ndipo nilipoanza kufanya kazi kwa namna nyingine. Nilikusanya mbegu za mgagani, mnavu na mchunga kutoka Kisarawe, nikazipanda nyumbani kwenye magunia na ndoo zilizotoboka, kwa udongo ulioletwa kutoka shamba lenye historia ninayoijua na samadi iliyoiva. Mimea hii haina makuu. Mgagani huwa tayari kuchumwa ndani ya wiki chache. Mchunga hauhitaji zaidi ya jua na maji kidogo. Niligawa mbegu kwa wazazi wa wanafunzi wangu, na leo ukipita mtaani ninakoishi sasa, Kimara, utaona magunia hayo kwenye nyumba ambazo hata wenyewe siwajui.

Sijaacha kuchuma. Nimebadilisha swali la kwanza. Zamani niliuliza, "Hili ni jani gani?" Sasa naanza na, "Hapa palikuwa nini?" Namwuliza mjumbe wa nyumba kumi, mzee wa msikiti, au mama aliyekaa kibarazani tangu mtaa ukiwa kichaka. Penye gereji, chuma chakavu, fundi betri, jalala lililofukiwa au mahali pa kuchomea taka, sichumi hata kama pamekaa nyasi miaka mingi. Kando ya barabara kubwa na reli sichumi, kwa ajili ya vumbi na kwa sababu kingo hizo hupigwa dawa za kuua magugu. Kando ya mfereji sichumi kabisa. Kinachobaki ni kidogo, lakini kipo: viwanja vya shule, nyua za makanisa na misikiti, mashamba ya watu waliokubali, na pembezoni kule Chanika na Mbezi ya ndani ambako ardhi haijawahi kuwa na jingine isipokuwa mikorosho. Na naomba ruhusa, kwa maana siku hizi karibu kila kipande kina mwenyewe.

Upande wa dawa umebadilika kwa namna yake. Nyumbani kwetu kivumbasi kilichomwa jioni kufukuza mbu, mchaichai ulichemshwa kwa mafua, majani ya mpera yalichemshwa kwa tumbo la kuharisha, na watoto wenye surua waliogeshwa kwa maji ya mwarobaini. Bibi alitenga wazi kati ya mboga na dawa. Mboga unakula ukashiba. Dawa ina kipimo, na kipimo cha mtu mzima si cha mtoto. Hakumpa mjamzito wala mtoto mchanga mwarobaini wa kunywa, na sayansi inamuunga mkono, kwa kuwa mafuta ya mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga.

Homa aliitibu kwa mwarobaini kwa sababu zahanati ilikuwa mbali na klorokwini mara nyingi haikuwepo. Leo kipimo cha haraka cha malaria huchukua dakika chache, na dawa mseto ipo tangu 2006 ilipoanza kuchukua nafasi ya dawa zilizoshindwa. Mtoto mwenye homa apimwe kwanza, tena siku hiyo hiyo. Nasema hivi nikiwa mtu anayeheshimu miti. Kitengo cha utafiti wa tiba asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, kikawa taasisi kamili mwaka 1991, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilipitishwa mwaka 2002. Kuna waganga waliosajiliwa na wataalamu wanaochunguza mizizi na magome kwa uangalifu. Heshima ya kweli kwa dawa zetu ni kutaka zipimwe, zijulikane zinaponya nini na kwa kiasi gani.

Mwaka 2020 nchi nzima ilipojifukiza nyungu kwa ajili ya korona, niliona miarobaini na mipera ya mitaani ikipukutishwa mpaka ikabaki vijiti. Vijana ambao hawajawahi kutofautisha mnavu na mchicha walinisimamisha njiani. "Shikamoo mama, majani ya huu mti hapa kituoni yanafaa?" Niliitikia marahaba, nikawaonyesha vumbi jeusi kwenye kidole changu baada ya kukipitisha juu ya jani moja. Wengine waliondoka. Wachache walibaki wakauliza zaidi, na hao ndio walionipa moyo. Wanajua kutafuta habari za kemikali kwenye simu kwa dakika moja, jambo ambalo bibi asingeliweza. Wanachokosa ni jicho la kutazama mmea mzima, na hilo halifundishwi kwa picha, kwa sababu picha haina harufu, na mche mchanga haufanani na picha yake. Ninatembea nao. Ninakataa kumthibitishia mtu mmea kwa picha aliyonitumia, hata akinisihi.

Sensa ya 2022 imehesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam. Bonde la Msimbazi nalo liko njiani kubadilika tena: mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa mradi wa kuliendeleza, wenye daraja jipya la Jangwani, upanuzi wa mto na bustani kubwa ya jiji mahali ambapo nyumba zilikuwa zikizama. Naufurahia mradi huo, maana nimewaona watu wakizikwa kwa sababu ya mafuriko. Nina maombi mawili kwa wanaoupanga. La kwanza, udongo wa bustani hiyo upimwe risasi, kadimiamu na kromiamu, na matokeo yabandikwe kwa Kiswahili mahali ambapo mama anayepita na pakacha atayasoma, kipande kwa kipande: hapa panafaa, hapa hapafai. La pili, pale ambapo udongo safi utaletwa, kitengwe kipande cha mchunga, mgagani, mnavu na mlenda, pamoja na kivumbasi na mchaichai, viachwe viote na kuchumwa kwa utaratibu, na shule zipeleke watoto huko.

Wapo bado mabibi jijini wanaoweza kukaa na mtoto mbele ya mnavu na mnanaha wakamwonyesha tofauti bila kusita. Wapo pia vijana waliosoma kemia wanaoweza kumweleza bibi huyo kwa nini kiwanja alichochuma miaka thelathini hakifai tena. Kila upande una nusu ya elimu, na nusu moja peke yake inaweza kuua. Mwenye bibi kama huyo amwendee wiki hii akiwa na daftari, na asiende mikono mitupu: amweleze na yeye kilichopita katika ardhi hiyo.